Wageni Waliokula Kila Kitu

Siku hiyo Elisifa alimnyima jirani yake pombe. Hilo halikuwahi kusikika Machame, maana mbege ya Elisifa ilikuwa ya wote, hata wasio na shukrani.

"Hata ya kuonja tu, dada yangu?" Hellen aliuliza, amesimama mlangoni na kata yake mkononi.

"Hii ni ya wageni. Nenda nyumbani, Hellen. Na yule ng'ombe niliyekuletea jana, usimrudishe. Ni wako."

Hellen alidhani ni uchungu unaosema. Nani asingekuwa nao? Mwezi ujao mjane huyu alikuwa anahamishwa. Mumewe, Efraimu, alifariki bila kuacha mtoto wa kiume. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua kwamba kihamba chote, migomba, kahawa na nyumba, ni cha Godlove, mtoto wa mdogo wa marehemu. Godlove ni mwongoza watalii, hata kupogoa kahawa hajui. Akaungana na wageni wawili kutoka ng'ambo, mtu na mkewe, wajenge hoteli humo. Elisifa akatafutiwa chumba Kiboriloni, jirani na soko. Alilia kwa mchungaji, akalia kwa wazee, akalia kwa mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja alimpa pole na kikombe cha chai.

Chumba angekivumilia. Kilichomkosesha usingizi ni kaburi. Efraimu alizikwa migombani, kama baba yake na babu yake, na Godlove alikuwa amesema kwamba kaburi litahamishwa kwa heshima zote. Hapo ndipo mlima unapoonekana vizuri, na hapo ndipo litachimbwa bwawa la kuogelea.

Wageni walifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Ezra alikuwa mrefu na mpole. Hilda, mkewe, alikuwa na kicheko cha karibu, na haikuwa rahisi kumchukia. Walikuwa watu wa kuzunguka dunia na kuionja. Walishakula panzi, nyoka na samaki wabichi katika nchi ambazo Godlove hakuweza hata kuzitamka, wakalala mapangoni, wakateremka mito kwa mitumbwi ya mpira. Asubuhi hiyo peke yake walikuwa wameoga kwenye maporomoko, wametambaa ndani ya mahandaki walimojificha mababu wakati wa vita, na kumaliza bakuli la kisusio, supu ya damu ya mbuzi ambayo siku hizi hata vijana wa Moshi mjini wanaikunjia uso.

"Shikamoo, mama mkubwa," Godlove alisema.

"Marahaba. Wamechoka?"

"Hawa hawachoki, na hawakatai kitu. Ukiwapa jiwe watauliza chumvi iko wapi."

"Nilisikia," Elisifa alisema. "Ndiyo maana nimepika."

Aliwapa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, wakala, wakaongeza. Kisha Ezra akainuka, akaenda migombani kupiga picha. Akarudi nyuma, akarudi tena, akaweka mguu mmoja juu ya saruji ya kaburi ili mlima wote uingie. Hakuwa na nia mbaya. Godlove aliuona mguu ule, akaendelea kula. Elisifa naye aliuona, akaingia ndani kuchota pombe.

Alirudi na kata iliyojaa, povu la ulezi likielea juu. Godlove akawaeleza wageni wake kwamba kwa Wachagga mwenye pombe ndiye huonja kwanza, ili mgeni aone kuwa haina sumu. Hilda akafurahi mno. Akaomba wasubiri kidogo atoe simu arekodi.

Elisifa hakuonja. Alikunywa hasa, mafunda marefu, akafuta midomo kwa upindo wa kanga.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akamkabidhi Hilda kata kwa mikono miwili.

Hilda aliinusa, akatabasamu, akaiinua. Hapo Godlove akaishika kata. Aliongea Kiingereza cha haraka, kwa sauti yake ya kazini, akionyesha kidole kule mlima ulikokuwa umeanza kujifunika mawingu. Hilda akashusha pumzi. Akaiweka kata chini.

"Samahani, mama mkubwa. Kesho asubuhi tunaanza kupanda. Mtu akipanda na pombe mwilini, kule juu ananilemea. Hiyo ni sheria ya kazi, na siivunji kwa ajili ya mtu yeyote."

"Funda moja, Godlove. Moja tu. Basi kunywa hata wewe."

"Mimi nimeokoka, si unajua? Watunzie. Tukishuka watakunywa."

"Ulisema hawakatai kitu." Sauti ya Elisifa ilikatika, akaanza kulia mbele ya wageni, bila kujificha. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya mazishi.

Hilda aliguswa. Akaja akamkumbatia, akamwambia kwa Kiswahili chake kichache, "Asante sana, mama. Tutarudi." Ezra akampungia mkono. Gari likageuka, likashuka kuelekea barabara ya lami.

Elisifa alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akaimwaga mbege yote humo, akafukia na kukanyagia udongo vizuri, asije kuku wa Hellen akaidonoa. Kisha akaenda kukaa migombani, kando ya Efraimu. Tumbo lilikuwa limeshaanza kumkata.