Sauti ya Saa Saba

"Mtaa mzima unakusubiri wewe, Mama Mishi!" Bi Hadia alifoka mlangoni. "Nyumba moja iking'ang'ania mashine kuukuu ya kuzungumza, hatuletewi mpya sote. Na moyo wa mume wangu unahitaji hiyo mpya iuangalie!"

"Shoga, humu mna sauti ya mwanangu."

Nani asiyejua? Mishi alizikwa miaka mitatu iliyopita, lakini kila saa saba mchana mashine iliita kwa sauti aliyoiachia humo: "Mama, njoo ule!" Majirani walipoisikia, nao wakaepua vyungu. Mafundi walishasema sauti hiyo haihamishiki.

Nyuma ya ukuta mzee Kombo, mume wa Hadia, akakohoa. Mama Mishi akaifuta mashine vumbi kwa upindo wa kanga, kama amwandaaye mtoto kwenda shule, akawapa mafundi waliokuwa wakingoja nje.

Kesho yake mashine mpya ikamuuliza kwa adabu, "Unaishi na nani?" Saa saba ikafika, mtaa kimya, na jiko lake halijawashwa.

Hodi ikabishwa. Alikuwa Bi Hadia, macho mekundu.

"Mama Mishi," akasema polepole, "njoo ule."