Pampu ya Kapiteni

Mwaka ule wa uasi, klabu ya baiskeli ya Mangobo ilikuwa ikikimbia kufika Banalia kabla ya adhuhuri. Karibu na kizuizi cha askari, tairi la Asumani likaisha upepo. Akaazima pampu ya kapiteni wa klabu, lakini haikupuliza.

Akaifungua. Ndani mlikuwa na barua ya waasi, imeviringishwa nyembamba kama sigara.

“Kapiteni, hii iko nini?”

“Bon, basi, nani atapekua wanamichezo?”

Asumani akawatazama wenzake tisa wengine, jasho likiwatiririka, hawajui lolote. Damu ikamchemka.

“Tuko watu kumi, haukuuliza hata mumoja!”

Askari wawili walikuwa wanakuja, bunduki mkononi. Asumani akamshika kapiteni ukosi, akamsokomezea karatasi mdomoni.

“Meza.”