Swichi Nyekundu, Swichi Nyeusi

"Kulia ni nini?" dereva aliuliza.

Anastazi akashusha spana. Mwezi mzima amechora, amekata, amechomelea, na sasa mtu atakayeiendesha kazi yake anamuuliza kulia ni nini.

"Kulia, bwana. Kuna kulia na kuna kushoto."

"Kulia ninajua," Nyandwi akasema, akijifuta machozi ya uongo mashavuni. "Kambini tunalia kila siku. Hiyo yako ndiyo siijui."

Nyandwi alikuwa mkimbizi wa Burundi. Udereva wake ulikuwa wa miaka ishirini, Kiswahili chake cha miezi minne. Anastazi, Msukuma wa Nyamigogo, Kirundi chake kilianza na kuishia kwenye salamu ya "amahoro". Benedicta angewatafsiria kwa neno moja tu, maana yeye ni Mhangaza wa Murukulazo, na Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Lakini Benedicta alikuwa juu ya kilima na sufuria zake, akiuza chakula kambini, na wao walikuwa chini gereji.

"Sikiliza. Kulia ni upande wa ule mkono unaotumia kulia ugali. Kushoto ni ule mwingine."

Nyandwi akaitazama mikono yake, akacheka. "Ah. Huo naujua sana."

"Basi. Ukiona kona inakwenda upande wa mkono wa ugali, bonyeza swichi nyekundu. Inakwenda upande mwingine, bonyeza nyeusi. Ukikosea, mkia unaingia korongoni, na kichwa kinaufuata. Wewe unakaa kichwani."

"Wa ugali, nyekundu," Nyandwi akarudia. Hakucheka tena.

Habonimana, dereva aliyemtangulia, alikuwa hajamaliza hata arobaini tangu azikwe. Lori lake la maji lilishindwa kuikata ile kona ya kwenda kambini, lilikuwa refu mno, akarudi nyuma ili ajipange upya, na nyuma hapakuwa na kitu. Tangu siku hiyo hakuna dereva aliyekubali kupanda. Watu maelfu walikuwa juu, maji yalikuwa chini, na kila asubuhi walikuwa wanahesabu waliokufa kwa kuhara.

Ndiyo maana Anastazi akatengeneza lori la kupinda mkia. Alitoa ekseli ya mbele ya lori bovu, ile inayogeuza magurudumu, akaifunga nyuma ya hili. Mota ya waipa ya kioo aliyoanza nayo iliungua siku ya kwanza. Akaweka mota ya winchi, ile ya kuvutia magari yaliyokwama, ikazungusha parafujo ndefu aliyoitoa kwenye jeki, parafujo ikasukuma tairodi, ile fito ya usukani, na magurudumu ya nyuma yakageuka. Gereji haikuwa na nafasi ya kukata kona, kwa hiyo alilijaribu likiwa juu ya magogo. Liligeuka vizuri, kulia na kushoto.

Saa nne asubuhi Nyandwi akaondoka na lita elfu kumi.

Anastazi akaanza kukusanya vifaa. Kwenye meza daftari lake lilikuwa wazi, na kwenye mchoro waya wa swichi nyekundu ulikuwa unaingia juu ya mota. Akaangalia vidole vyake. Asubuhi ile alikuwa ameifungua mota kubadilisha brashi. Akakumbuka alivyorudishia: ule waya aliufunga chini.

Nyekundu sasa ilikuwa nyeusi, na nyeusi nyekundu.

Akatoka mbio. Alikata njia ya miguu katikati ya migomba, anapanda kwa mikono na magoti. Kwa anayeshuka, ile kona inakwenda kulia; kwa anayepanda, kushoto. Nyandwi atabonyeza nyeusi kama alivyofundishwa, na nyeusi itautupa mkia kule alikokwenda Habonimana.

Alifika ukingoni lori likiwa limeshaingia kwenye kona. Hakuwa na pumzi ya kuita.

Mkia ukapinda taratibu, ukakifuata kichwa kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba. Lori likapita.

Anastazi akakaa chini. Nyandwi ameligundua kosa mwenyewe, akawaza. Dereva wa miaka ishirini analisikia gari kwa makalio. Amesikia mkia unakwenda vibaya, akabadilisha swichi.

Juu alikuta foleni ya ndoo haionekani mwisho wake. Nyandwi alikuwa ndani ya kibanda cha Benedicta, anakula. Anastazi hakumfuata. Mtu mwenye diploma ataanzaje kusema kwamba amekosea waya mbili? Akaingia kimya kimya chini ya lori, akazibadilisha. Safari hii alihakikisha mara tatu: anabonyeza, anashuka, anachungulia magurudumu. Nyekundu, kulia. Nyeusi, kushoto. Sawasawa na mchoro.

Nyandwi akaja anajipangusa mdomo. Wagonjwa wawili wa kupelekwa hospitali walikuwa wameshapakiwa mbele, mmoja ana mtoto mgongoni.

"Fundi, mkia wako mtamu," akasema. "Kushuka je? Sheria ni ile ile?"

"Ile ile."

"Wa ugali, nyekundu."

"Hapo hapo, ndugu yangu. Safari hii usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Lori likaondoka. Anastazi akaingia kibandani akaomba chai. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Habonimana alisikia njaa. Kule chini mlio wa lori ulikuwa unapungua. Nyandwi anaweka gia ndogo, anaikaribia kona.

Benedicta akaweka kikombe mezani, akaokota sahani iliyoachwa, akaguna.

"Huyo dereva wako mcheshi kweli, amenichekesha kwa Kirundi chake mpaka mbavu zinauma. Lakini kwao hawakumfunza adabu. Ugali wote huu ameumaliza kwa mkono wa kushoto."