Hotpoti Iliyorudi Imejaa

Hotpoti ilirudi imejaa.

Germana alijua hata kabla ya kuipokea, kwa jinsi mkono wa askari ulivyolemewa. Akafungua kifuniko. Ugali wa uwele ulikuwa vilevile alivyoupakua alfajiri kule Hombolo, na mlenda wake pembeni. Lilikuwa limepungua tonge moja tu, lile alilolionja mwenyewe mbele ya askari, maana ndiyo sheria ya pale kwenye geti la gereza: aliyeleta chakula aonje kwanza.

"Sostenes wako hayupo selo," alisema askari. Alikuwa mgeni pale, kijana anayejikaza sauti. "Mwingine!"

"Hayupo, yuko wapi, afande?"

"Mama, nimeshasema hayupo. Pisha wenzako."

Jasho lilimtoka Germana, na huo ni mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unapasua midomo. Akaketi palepale vumbini, hotpoti mapajani.

Wanawake wa foleni ile walimjua. Miaka miwili kesi ya mumewe inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, na kila Jumamosi yeye yupo na chakula cha moto. Mvua inyeshe, msiba utokee, atakuja. Tena haingii kumwona mumewe. Akishapewa chombo chake kitupu, huyoo, anaondoka zake. Wenzake walisema hana moyo wa kumtazama mume nyuma ya wavu. Jamani, mapenzi mengine ni ugonjwa!

Hawakuiona siku yake ya kwanza. Alikuja mikono mitupu, akauliza tu kama Sostenes yumo, na askari wa siku ile akamwambia gereza si redio ya kutangaza habari za watu. Pembeni akaona mwenzake katoa chakula, kikapokelewa kwa jina la mtu, chombo kikarudi kitupu. Basi akaelewa. Chombo kikirudi kitupu, mtu yumo. Tangu hapo hajawahi kuja bila hotpoti.

Mama mmoja mtu mzima wa Kondoa, Mwanahawa, ambaye mwanawe naye alikuwa mahabusu mle, alimwinamia.

"Mwanangu, hebu legeza kilemba upate hewa."

Akapeleka mkono kwenye kitambaa kilichoshuka mpaka shingoni upande wa kushoto. Germana akaudaka ule mkono.

"Niache tu, mama. Nisamehe."

"Haya, basi nisikilize. Jana si wametoka mahabusu kibao? Kesi zimefutwa, watu wamekwenda kwao. Huenda na wako katoka! Unalia nini, na mwenzio pengine saa hizi yuko nyumbani anakusubiri?"

Foleni ikachangamka. Mmoja akapiga kigelegele kabisa, masikini, bila hata kujua jina la mtu anayempigia.

Germana alizisikia habari hizo jana sokoni, na usiku hakufumba jicho. Sasa aliogopa zaidi. Mtu aliyetoka jana jioni, leo asubuhi ameshafika Hombolo. Amepita njia ya bwawani, amekatiza kwenye mizabibu, amesimama mlangoni anabisha.

Simu ikaita. Akaiweka sikio la kulia kama kawaida yake. Alikuwa Jenifa, binti yake mkubwa, aliyebaki na wadogo zake.

"Mama, yumo?"

"Sijajua bado."

"Tumefanya kama ulivyosema. Ila Noeli analia, anataka kwenda kucheza."

"Mbembeleze, mwanangu. Kaeni pamoja mpaka nipige."

Akainuka. Akawapita wote, akashika nondo za geti kwa mikono miwili.

"Afande, kwa ajili ya Mungu. Awe amefariki, awe amehamishwa, awe ameachiwa, niambie lolote. Usiniache hivi. Mimi nina watoto!"

Kijana akamtazama usoni, na ule ukali wa kuazima ukamwishia. Akaingia ndani. Mwanahawa akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini, mkono wake mgongoni mwa Germana, na foleni nzima ikamsaidia kungoja.

Askari aliporudi, alikuwa anatabasamu.

"Mama, tulia. Yupo. Kalazwa zahanati yetu humu ndani, malaria tu. Uji anakunywa."

"Alhamdulillahi!" alisema Mwanahawa.

"Umemwona?" aliuliza Germana. "Kwa macho yako, afande?"

"Nimemwona, nimeongea naye. Na nimekuombea ruhusa, njoo nikupeleke."

"Hiyo zahanati, mlango wake unafungwa?"

Askari akacheka. "Mama, hapa ni gereza. Kila mlango unafungwa."

Germana akashusha pumzi ndefu. Akamkabidhi hotpoti.

"Ahsante, baba. Ubarikiwe. Mpe akipata nafuu, chombo nitakichukua Jumamosi ijayo. Mimi siingii."

"Huingii, na hali yeye ni mgonjwa?"

"Mwacheni," alisema Mwanahawa, akijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Hamwoni anavyoteseka? Mke kama huyu siku hizi umpate wapi?"

Germana akamuaga Mwanahawa, akavuka barabara, akazunguka nyuma ya kibanda cha mkaa ambako hapakuwa na mtu. Hapo ndipo alipolegeza kilemba. Akafuta jasho kwenye kovu lililobaki mahali pa sikio la kushoto, akaweka simu kwenye la kulia.

"Jenifa," alisema, "ondoeni kabati mlangoni. Baba yenu bado yumo."