Ukaguzi wa Ng'ambo ya Kijito

Wanyama wa bondeni walihifadhi mtama wao katika ghala moja lenye vihenge vitano vya udongo. Mtunzaji alikuwa Buku, panya mpenda sifa. Mkaguzi alikuwa Bi Nungunungu, ambaye kila mwaka alichomeka mwiba wake ndani ya kila kihenge kabla hajatamka neno.

Mwaka mmoja ukazuka ugonjwa wa kikohozi, ikapigwa marufuku kuvuka kijito kilicholitenga ghala na makao ya mkaguzi. Siku ya ukaguzi ilipofika, Buku alisimama ng'ambo, mlangoni pa ghala, akapaza sauti: "Vyote vimejaa pomoni, Bi Mkaguzi! Niamini tu."

Majirani nao wakamsihi kutoka mashimoni mwao, "Sema vimejaa, bibi. Tumechoka na habari mbaya."

Nungunungu aliwaonea huruma, nusura akubali. Lakini kusemea asichokiona kulimshinda.

"Kama vimejaa," akajibu, "gonga kila kihenge kwa mchi, sote tusikie tufurahi."

Buku akatwaa mchi kwa mbwembwe. Kihenge cha kwanza kikalia pu, kizito. Cha pili kikavuma kama ngoma, bonde zima likasikia.

"Na vingine?" akauliza Nungunungu kwa upole.

Buku akauweka mchi chini. "Kilichojaa ni kile cha kwanza tu, bibi. Mtama wa vingine nimeula."

Walimfukuza, kisha wakagawana mtama uliobaki kibaba kibaba mpaka mavuno. Mwaka ule kikohozi kiliua wengi bondeni, lakini njaa haikumuua hata mmoja.