Kinu cha Bi Somoe

Mvua ilipokosekana mara ya pili, Kitwana alijaza ghala lake magunia ishirini ya mahindi. Jirani yake, Bi Somoe, alipomwomba kibaba kimoja, alimfungia geti. “Kila mtu na chake!”

Kisha dizeli ikaadimika, mashine zote za kusaga zikanyamaza. Mama yake Kitwana, kibogoyo, akashinda siku mbili bila kutia kitu mdomoni.

Kitwana akaja kwa Bi Somoe na bakuli la mahindi. “Dada, niazime kinu nimtwangie mama. Nawe nitakugawia.”

“Magunia ishirini, na kinu hukukikumbuka?”

Bi Somoe, ambaye naye hakuwa amekula tangu jana, alilitazama bakuli, akameza mate. Kisha akakifudikiza kinu chake. Kukalia kinu ni mwiko, hata watoto wanajua.

Akakikalia.