Ubatizo wa Restituta

Kanisa letu dogo la matumbawe, kule mji wa kale, kuta zake hazistahimili tena sauti ya binadamu. Ukipaza sauti ndani, ukoo wako mzima hauruhusiwi kuingia tena. Kwa hiyo mimi na mume wangu Kasiani tulimfundisha binti yetu kutolia. Miezi mitano, kila alipolia tulimlaza peke yake chumbani, tukafunga mlango.

Leo padri amemmiminia maji ya baridi utosini. Mtoto kimya.

"Hongera, mama," mlinzi wa mlango wa kanisa akaninong'oneza. "Mmemlea vizuri."

Sasa ni jioni, na tangu asubuhi hajalilia ziwa. Nimemfinya paja. Nimemfinya tena, kwa nguvu.

"Lia, mwanangu. Tupo nyumbani."

Ameutazama mlango tu, akingoja tuufunge.